Daftari la Wodini na Makala ya Daktari Bingwa
Mazungumzo kwa wahudumu wa afya na wananchi wa Kaunti Ndogo ya Kabuchai



Swali la mazungumzo haya linasikika kama swali la watu wa chuo kikuu. Kwa nini daktari bingwa mmoja anayefundisha hutoa utafiti mwaka baada ya mwaka, na mwenzake waliyesoma pamoja hatoi hata makala moja? Wengi hujibu haraka kwamba yule wa kwanza ana akili zaidi au ana bidii zaidi. Akili na bidii zinahitajika, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya jibu haimo kichwani mwa daktari. Imo katika muda anaopewa, faili anazozikuta, wenzake wanaomshika mkono, fedha zinazomfikia na sifa anayopata kazi ikiisha. Na mojawapo ya mambo hayo limo mikononi mwa muuguzi wa zamu na karani wa rekodi hapa hapa Chwele.

Kabla ya kufika huko, ni haki kuuliza jambo hili linamhusu nini mkulima wa Mukuyuni au mama anayeuza vitunguu katika soko la Chwele.

Dawa ya ugenini na ugonjwa wa nyumbani

Kati ya mwaka 2012 na 2014, watafiti waliandikisha akina mama wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Baadhi ya vijiji vilipewa klorini ya kutibu maji. Vingine vilipewa vyoo bora, vingine vifaa vya kunawia mikono, vingine lishe ya ziada kwa watoto, na vingine mchanganyiko wa hayo. Vijiji vingine havikupewa kitu, ili pawe na cha kulinganisha. Utafiti kama huo ulifanywa pia Bangladesh. Matokeo ya nchi zote mbili yalichapishwa mwaka 2018.

Bangladesh, mengi ya mambo hayo yalipunguza kuhara kwa watoto. Huku magharibi mwa Kenya hayakupunguza. Watoto waliopata lishe ya ziada walirefuka kidogo kuliko wenzao, lakini maji, vyoo na kunawa mikono, kwa namna vilivyotolewa katika utafiti huo, havikubadilisha kuhara wala ukuaji. Uchunguzi wa baadaye wa watoto hao hao wa Kenya ulionyesha kwamba minyoo ya askaris ilipungua palipokuwa na maji safi, choo na kunawa mikono kwa pamoja. Kwa hiyo asiondoke mtu hapa akisema serikali imekataza kunawa mikono. Endeleeni kunawa.

Funzo lenyewe ni hili: kama kaunti ingechukua matokeo ya Bangladesh na kuyafanya mpango wake, ingetumia mamilioni ya shilingi ikitarajia jambo ambalo halingetokea. Hakuna aliyeweza kujua hilo kwa kukisia. Lilijulikana kwa sababu kuna watu waliopiga hodi katika nyumba za Bungoma, wakauliza, wakapima na kuandika. Pale ambapo wataalamu wa nyumbani hawafanyi utafiti, mgonjwa hutibiwa kwa majibu ya maswali yaliyoulizwa kwa watu wengine.

Daktari aliyeanza na faili

Mfano wa zamani uko ng'ambo ya Mlima Elgon, Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuelewa anachokiona. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile usoni, na alipompima akakuta uvimbe mwingine tumboni.

Mpasuaji mwenye foleni ndefu ya wagonjwa angeweza kusema ni bahati mbaya tu ya watoto wawili. Burkitt alirudi Mulago akafungua faili za zamani, na humo akakuta watoto wengine wenye uvimbe kama huo. Mwaka 1958 aliandika makala yake ya kwanza juu yao. Wataalamu wa patholojia wa Mulago nao walipekua rekodi za uvimbe wa watoto, wakaona kwamba ugonjwa huo ulikuwa aina ya saratani ya tezi. Burkitt akatuma barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wameuona ugonjwa huo. Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kwa wiki 10, maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, katika maeneo yale yale yenye malaria nyingi. Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na aliyemsikiliza alikuwa Michael Epstein. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza virusi walivyovikuta ndani ya uvimbe huo. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Burkitt hakuwa na maabara kubwa, wala ruzuku zake hazikuwa za kutajirisha mtu. Alikuwa na mambo manne: mwenzake aliyemwita aje aone, faili zilizotunzwa, hospitali za mbali zilizokubali kujibu barua, na nafasi ya kuondoka kazini kwa wiki 10. Ondoa moja kati ya hayo, na pengine leo ugonjwa huo ungekuwa na jina la mtu mwingine wa nchi nyingine.

Mtu mmoja, kazi tatu

Sasa mtazameni daktari bingwa anayefundisha siku hizi. Kwa watu wa Kabuchai, mara nyingi huyo ni yule wanayekutana naye Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, baada ya mgonjwa kupita Chwele na Bungoma. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, na walimu wake ndio madaktari wa wodi za hospitali hiyo.

Mtu huyo ana kazi tatu. Anatibu, anafundisha na anatarajiwa kufanya utafiti. Asubuhi anazunguka wodi na wanafunzi nyuma yake. Mchana yuko kliniki au chumba cha upasuaji. Jioni ana mitihani ya kusahihisha, na usiku simu inalia. Mgonjwa hawezi kuahirishwa, wala darasa haliwezi kuahirishwa. Kinachoweza kuahirishwa ni utafiti, nao huahirishwa hadi kesho isiyofika.

Ndiyo maana jambo la kwanza katika orodha ni muda. Hautoshi muda wa kuiba usiku. Unahitajika muda ulioandikwa kwenye ratiba, kwa mfano siku moja kwa wiki, ambao msimamizi hawezi kuuchukua kwa sababu zamu imepungukiwa na mtu. Pale palipo na madaktari wachache, siku hiyo ndiyo huliwa kwanza. Migogoro ya kazi nayo hula muda. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100, na utafiti unaotegemea kumfuatilia mgonjwa mwezi kwa mwezi hauwezi kupita katika pengo kama hilo bila kuumia.

Kwa daktari mwanamke mzigo huongezeka. Miaka ya kuanza uhadhiri, ambayo ndiyo miaka ya kujijengea jina katika utafiti, mara nyingi ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Taasisi inayopanga mikutano yote ya utafiti saa kumi na mbili jioni imeshachagua nani atahudhuria.

Mali bila daftari

Jambo la pili ni rekodi, na hapa wahenga walishamaliza maneno: mali bila daftari huisha bila habari.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa. Kilikuwa kituo cha mashambani kama vituo vya huku. Walipopima kabla na baada, waligundua kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Mwaka huo huo ulianza mpango wa AMPATH wa kupambana na ukimwi magharibi mwa Kenya, nao ukahitaji rekodi za wagonjwa wengi zaidi. Kazi iliyoanzia Mosoriot ilikua, ikachangia kuzaliwa kwa mfumo wa OpenMRS, ambao leo hutumika katika nchi nyingi duniani.

Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Kwanza rekodi ilimsaidia mgonjwa kutoka mapema. Kisha ilimsaidia daktari kuona historia ya mgonjwa. Ndipo ikawa chemchemi ya utafiti. Daktari bingwa anayetaka kujua ni akina mama wangapi walipata shinikizo la damu baada ya kujifungua hana haja ya kuanza upya, mradi kila mama amepimwa na kipimo kikaandikwa. Kama safu hiyo ya daftari ni tupu, hakuna akili wala ruzuku itakayoijaza miaka mitatu baadaye.

Fomu ya kulazwa mtoto inapokuwa na uzito umeandikwa, joto limeandikwa, majibu ya kipimo cha malaria yameandikwa na dozi imeandikwa, basi muuguzi aliyeijaza ameshafanya nusu ya utafiti. Fomu inapoandikwa neno moja tu, "homa", utafiti umekufa siku hiyo hiyo, na pengine matibabu nayo yamepungua.

Mlezi, wenzake na fedha

Jambo la tatu ni mlezi wa kitaaluma. Madaktari wengi wanaosomea ubingwa nchini huandika tasnifu. Nyingi ya tasnifu hizo huishia kwenye rafu ya maktaba, zikiwa na matokeo ambayo hakuna hospitali iliyowahi kuyasikia. Kinachofanya tasnifu igeuke makala mara nyingi ni mtu mmoja mzoefu anayekaa na kijana, anayemwonyesha jinsi ya kupunguza kurasa 100 ziwe 10, na anayemtia moyo jarida likikataa mara ya kwanza. Mtakwimu naye ni wa lazima. Daktari anaweza kuwa bingwa wa moyo na asijue ni wagonjwa wangapi wanahitajika ili jibu liaminike.

Afrika imelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 2008 ulianzishwa muungano wa CARTA wa kuwafunza wahadhiri utafiti wa afya, na Chuo Kikuu cha Moi, cha Nairobi na cha Makerere ni miongoni mwa wanachama. Faida yake kubwa ni kwamba mhadhiri hukutana na wenzake wenye shida kama zake, naye huacha kudhani kwamba yeye peke yake ndiye mvivu.

Jambo la nne ni fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Lengo hilo halijafikiwa. Kwa hiyo fedha nyingi hutoka nje, na mwenye fedha ndiye huuliza swali. Ukimwi na malaria vimepata fedha, na ni vizuri. Lakini daktari wa upasuaji anayetaka kujua kwa nini vijana wa bodaboda wanapoteza miguu hupata mlango mwembamba zaidi. Hata kuchapisha kuna gharama: ada ya zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja si jambo la ajabu katika majarida ya kimataifa.

Jambo la tano ni vibali. Utafiti kwa binadamu lazima upite kamati ya maadili, upate leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na ukubaliwe na kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziweka hospitali za kaunti chini ya kaunti. Milango hiyo ipo kumlinda mgonjwa na isivunjwe. Lakini kukawia kwenye meza kwa miezi bila jibu hakumlindi mtu yeyote. Hapo afisi za umma, za kaunti zikiwemo, zina la kujibu.

Sifa ni ya nani?

Jambo la sita husemwa kwa sauti ya chini. Kwa miaka mingi watafiti wamekuja kutoka mbali, wakachukua damu na takwimu, wakaondoka, na makala ikatoka na majina yao mbele na jina la daktari wa Kenya likiwa la tisa, au halimo kabisa. Vyeo vya uhadhiri hutegemea machapisho. Daktari aliyekusanya wagonjwa wote na asipate jina hapandi cheo, na mara ya pili hajitolei.

Kuna njia bora, na mfano wake uko karibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Duke cha Marekani wamefanya kazi kwa miaka mingi Webuye. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, walifuata jumuiya 32 za Bungoma Mashariki na Kiminini, upande wa Kitale. Katika nusu ya jumuiya hizo, wahudumu wa afya ya jamii waliwapima malaria bure watu wenye homa, na aliyekutwa na malaria alipewa vocha ya kununua dawa kwa bei nafuu dukani. Watu wengi zaidi walipimwa, na dawa za malaria zikatumika kwa usahihi zaidi. Madaktari na wahadhiri wa Moi walikuwa miongoni mwa waandishi wa makala hiyo. Swali lilikuwa la kijiji, mpimaji alikuwa jirani, na jibu likarudi kijijini.

Hatua zilizo karibu

Kabuchai haina chuo cha udaktari, wala haiajiri maprofesa. Hata hivyo hatua nne ziko ndani ya uwezo wa watu walioketi hapa.

Ya kwanza, jaza fomu yote. Msimamizi wa wodi atenge dakika chache kila wiki kuangalia safu zilizoachwa tupu, si kwa kumkaripia mtu bali kuuliza kwa nini. Mara nyingine utakuta mzani umeharibika na hakuna aliyesema.

Ya pili, muuguzi au afisa wa kliniki anayeona jambo lisilo la kawaida, kama watoto watatu wa kijiji kimoja wenye uvimbe unaofanana, aandike tarehe, umri na kijiji, kisha ampigie simu daktari anayemjua Bungoma au Eldoret. Trowell alimwita Burkitt. Bila mwito huo hakuna hadithi.

Ya tatu, mwanafunzi wa ubingwa anapokuja kukusanya takwimu, msaidieni, na mwombeni jambo moja: arudi kueleza alichokipata. Waliofanya kazi ya kitaalamu katika utafiti huo wana haki ya kuuliza mapema majina yao yatakaa wapi.

Ya nne ni ya wananchi. Mtafiti akibisha hodi, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, iwe Kibukusu au Kiswahili. Una haki ya kukubali au kukataa, na ukikataa matibabu yako hayapungui. Habari za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukishajua hayo na ukaridhika, jibu kwa ukweli. Jibu la uongo ni sawa na mzani mbovu.

Ndugu wananchi, mtoto atakayelazwa Chwele mwaka ujao atatibiwa kwa ujuzi uliotokana na watoto waliolazwa miaka iliyopita, kama kuna aliyeandika habari zao. Daktari bingwa wa Eldoret anaweza kuwa na akili nyingi na moyo mkubwa, lakini hawezi kusoma ukurasa mtupu. Zamu ya leo usiku inaanza saa kumi na mbili unusu. Kalamu iwepo.